Jembe Halikumponyoka

Babu yangu aliwahi kuitwa kuwa mzee wa baraza katika kesi tatu za mauaji. Mbili amezisahau. Ya tatu anaisimulia karibu kila mwaka tunapokwenda kijijini, usiku baada ya chakula, redio ikiwa imezimwa ili betri zisiishe.

Ilikuwa 1986. Mahakama Kuu ilikuwa imekuja kufanya vikao mjini kwetu, na Babu, karani mstaafu wa pamba, alikaa na wenzake wawili karibu na jaji. Kizimbani alisimama kijana wa miaka ishirini na kitu. Kilichotokea hakikuwa na ubishi mkubwa. Jirani alikuja shambani kugombea mpaka, akarushiana maneno na mama wa yule kijana, akampiga mama kofi hadi akaanguka. Kijana alikuwa akilima hatua chache kutoka pale. Akaja na jembe lake, akampiga jirani kichwani mara moja. Jirani alifia hospitalini siku ya tatu.

Mashahidi walisema kwa Kisukuma na Kiswahili, mawakili wakabishana kwa Kiingereza. Siku ya mwisho jaji aliwafafanulia wazee sheria inavyosema, kwa Kiingereza pia, kwa muda ambao Babu anasema ungetosha kuivisha maharage. Kisha mkalimani akageuka na kulifupisha: "Wazee wangu, swali ni moja. Huyu aliua kwa kukusudia, au aliua bila kukusudia?"

Babu akasimama. "Mheshimiwa Jaji, jembe halikumponyoka. Aliliinua mwenyewe, akalishusha mwenyewe. Alikusudia."

Mzee wa pili akasema vilevile. Wa tatu, mama mmoja aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, akasema hakukusudia. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba mama wa kijana alikuwa chini pale, anamwona. Babu alimshangaa. Aliona mwenzake amekwepa swali kwa sababu ya huruma. Wakachukua posho zao, wakarudi makwao. Hukumu ilisomwa siku nyingine na hakuna aliyewaita kuisikiliza. Babu hakujua kijana alihukumiwa nini, na amekaa miaka yote hii akiamini kwamba kama alinyongwa, neno lake lilikuwa sehemu ya kitanzi.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu inahusu maneno ya mahakamani, jambo linalowafanya wenzangu waniulize kwa nini sikusoma sheria tu. Nilianza baada ya 2021, Bunge lilipopitisha sheria ya kuifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Nilifurahi kama wengi. Nikachukua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nikaketi na sura yake ya mauaji nikitaka kuona tu kama maneno yetu ya kila siku yanatosha. Nilipofika kifungu cha 201 nilisimama, maana nilimwona Babu ndani yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua kitabu hicho, mambo ya msingi ni haya. Ili mtu awe na hatia ya jinai, kwa kawaida upande wa mashtaka lazima uthibitishe vitu viwili: kitendo na hali ya moyo wa mtendaji. Kitendo bila nia ni ajali, nia bila kitendo ni mawazo, na mawazo peke yake hayashtakiwi. Katika kuua, kitendo ni kimoja kwa makosa yote mawili makubwa. Kifungu cha 195 kinasema anayesababisha kifo cha mwenzake kwa tendo au kuacha kutenda kinyume cha sheria ana kosa ambalo magazeti yetu huliita kuua bila kukusudia. Kifungu cha 196 kinarudia karibu maneno yaleyale, kisha kinaongeza sharti moja: dhamira ovu. Ikiwapo, kosa linapanda na kuwa mauaji ya kukusudia. Kwa kosa la chini adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, na jaji ana nafasi ya kupima. Ninajua watu waliotoka baada ya miaka michache. Kwa la juu, kifungu cha 197 kinataja adhabu moja, kifo.

Kwa hiyo uhai wa mshtakiwa unaning'inia kwenye maneno mawili, dhamira na ovu, na maneno hayo yamesafiri sana kabla ya kufika kwetu.

Wajerumani hawakuwa nayo. Chini ya amri ya Kansela ya tarehe 22 Aprili 1896, mwenyeji wa Afrika Mashariki ya Kijerumani hakuhukumiwa kwa kanuni ya adhabu ya Ujerumani. Alihukumiwa na ofisa wa wilaya, na amri ilitaja zaidi adhabu kuliko makosa: viboko, faini, kifungo cha kazi, minyororo, kifo. Kumbukumbu ya kipindi hicho katika Kiswahili ni idadi ya viboko, hamsa ishirini, ishirini na tano. Ni jambo la kusikitisha kwamba utawala uliokaa miongo mitatu umetuachia, katika eneo hili la lugha, hesabu ya kuchapwa.

Waingereza walipoichukua Tanganyika waliweka tarehe ya kupokea sheria zao: 22 Julai 1920. Lakini kwa jinai walileta kwanza Kanuni ya Adhabu ya India, ileile iliyoandikwa rasimu yake na Thomas Macaulay katika miaka ya 1830 na kupitishwa 1860. Kanuni hiyo inagawa mauaji kwa maneno kama nia na ujuzi: mtu alikusudia nini, alijua nini kuhusu matokeo ya tendo lake. Maneno "dhamira ovu" hayamo. Kwa muongo mmoja, basi, mtu wa Tabora au Lindi aliyeshtakiwa kwa kuua alipimwa kwa mizani iliyotengenezwa Calcutta, na kwa maoni yangu mizani hiyo ilikuwa karibu zaidi na namna watu wa huku walivyolizungumza jambo lenyewe.

Mwaka 1930 ikaondolewa. London ilitaka makoloni ya Afrika yafuate mtindo mmoja, wa Kiingereza zaidi, na mtindo uliochaguliwa ulikuwa na ukoo wa ajabu. Baba yake alikuwa Samuel Griffith, jaji mkuu wa Queensland huko Australia, aliyeandika kanuni iliyopitishwa 1899 na kuanza kutumika 1901. Kanuni hiyo ikavuka bahari hadi Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, na miaka ishirini na sita baadaye vitukuu vyake vikatua Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Njiani ukoo uliongezewa vitu. Toleo lililotufikia lilikuwa na maneno ya zamani ya mahakama za Uingereza, "malice aforethought", yanayotamka waziwazi uovu uliofikiriwa kabla.

Mwaka huohuo wa 1930, mwezi Januari, Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili. Mara nyingi huwa nawaza juu ya hilo. Katika mwaka mmoja, watu wa ofisi moja walikuwa wakijadili tahajia za Kiswahili cha shule, na watu wa ofisi nyingine walikuwa wakipitisha sheria ambayo wengi wa wale waliotarajiwa kuitii wangeisikia kupitia mdomo wa mkalimani tu. Kanuni ya Adhabu haikuandikwa kwa Kiswahili.

Tatizo ni kwamba hata kwa Kiingereza maneno yale yalikuwa yameshadanganya kwa muda mrefu. Yalijitokeza katika sheria ya mwaka 1390, enzi za Mfalme Richard wa Pili, iliyokuwa na shughuli ya kumzuia mfalme kutoa msamaha kiholela kwa wauaji waliovizia. Wakati huo maana ilikuwa karibu na sura ya maneno: chuki iliyowekwa, mpango, kumngoja mtu gizani. Lakini majaji walikutana na watu walioua bila chuki, na wengine walioua bila mpango, na wakaona wanastahili kamba vilevile. Edward Coke, ambaye kitabu chake cha makosa ya jinai kilichapishwa 1644, miaka kumi baada ya kifo chake, alikubali kwamba dhamira hiyo wakati mwingine haionekani moyoni mwa mtu; sheria yenyewe inaidhania. Maneno yakabaki, maana ikahama.

Soma kifungu chetu cha 200 uone jinsi ilivyohama. Kina aya nne. Mtu ana dhamira ovu kama alikusudia kuua, au kama alikusudia kumdhuru mtu vibaya tu. Anayo pia kama alijua tendo lake huenda likaua, hata kama aliomba moyoni lisiue. Anayo kama alikuwa na nia ya kutenda kosa lolote ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Na anayo kama alikuwa anamsaidia mhalifu kutoroka. Hebu fikiria kibaka anayemsukuma mlinzi ili apite na mzigo wa wizi, mlinzi akaangukia jiwe akafa. Ukiisoma aya ya tatu neno kwa neno, huyo ana dhamira ovu, ingawa kuua hakukumpitia akilini. Waingereza wenyewe waliiondoa kanuni ya namna hiyo kwao mwaka 1957. Kwetu maneno yake yalibaki kitabuni, kama shati alilotuachia mtu aliyekwisha kununua jipya.

Upande wa pili kuna kifungu cha 201, kilichonisimamisha. Kinamhusu mtu anayeua akiwa na hasira kali baada ya kuchokozwa ghafla, kabla damu haijapoa. Kinaanza kwa kukiri kwamba, isingekuwa kifungu chenyewe, tendo lake lingekuwa mauaji ya kukusudia. Maana yake, huyu anaweza kuwa alitaka kuua. Aliinua silaha akijua, akaishusha akijua. Sheria inamshushia kosa kwa sababu ya kilichomfikisha pale. Na kosa analoshushiwa, kwa Kiswahili, linaitwa kuua bila kukusudia.

Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo. Kibaka ambaye hakukusudia kuua anaweza kushtakiwa kwa mauaji ya kukusudia. Kijana wa jembe, aliyekusudia, anaweza kuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Mwalimu wa sheria atakuambia hakuna ajabu hapo, hayo ni majina tu ya makosa na kila jina lina tafsiri yake kisheria. Ni kweli kwa mwalimu wa sheria. Babu yangu alilisikia jina kama mtu yeyote anavyolisikia.

Na kwetu neno hili lina uzito. Kusudi ni neno la Kiarabu lililokaa pwani hadi likawa la nyumbani, pamoja na nia, dhamira, hatia na jinai yenyewe. Katika fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu iliyofundishwa pwani karne nyingi kabla ya Griffith, kuua kwa kukusudia kunatenganishwa na kuua kwa kukosea, na kati yake wanazuoni wengi wanaweka daraja la kumpiga mtu kwa kitu ambacho kwa kawaida hakiui. Hata asiyejua fikihi analijua gawio hilo. Mtoto aliyevunja glasi husema "sikukusudia", na mama yake huangalia kama mkono uliteleza. Ukimwuliza Mswahili kama fulani alikusudia, umemuuliza juu ya mkono. Hukumuuliza juu ya kofi lililotangulia.

Mkalimani simlaumu. Alikuwa na dakika chache na majina mawili ya makosa ambayo kila mtu aliyatumia na bado anayatumia. Tangu 1963 mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini hizo hazisikilizi kesi za mauaji. Maneno ya kesi kubwa hayakupata nafasi ya kusuguliwa na watu wa kawaida siku hadi siku kama maneno ya wizi na matusi yalivyosuguliwa. Mwaka 1968 kilichapishwa Dar es Salaam kijitabu cha istilahi za sheria kwa Kiswahili, kazi ya A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, na Sheikh Mohamed Ali. Orodha ya maneno ni kazi njema, na bado haitoshi. Neno hukomaa likibishaniwa mbele ya hakimu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wazee wa baraza walikuwa na kazi yao mahususi katika kesi kama ile. Kifungu cha 202 kinaeleza uchokozi ni nini: tendo au tusi ambalo likifanywa kwa mtu wa kawaida, au mbele yake kwa mtu anayemhusu kama mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu, linaweza kumnyima uwezo wa kujizuia. Halafu kinaongeza kwamba mtu huyo wa kawaida ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Jaji aliyetoka mbali atamjuaje mtu huyo? Hapo ndipo mzee wa baraza anapohitajika. Jambo hili lilizisumbua mahakama za kikoloni kwa miaka. Katika shauri moja la Uganda la 1941, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba mtu aliyemkuta mwenzake usiku uani kwake, uchi, akitambaa, na akaamini kwa dhati kwamba analogwa wakati uleule, anaweza kuhesabiwa amechokozwa. Miaka kumi baadaye mahakama hiyohiyo ikaweka mpaka: kuogopa uchawi wa kesho hakutoshi, lazima liwepo tendo, pale, na hasira ya pale. Mtu anaweza kucheka mantiki ya majaji wale, ila angalau walikuwa wanauliza swali la kifungu.

Wazee wa 1986 hawakuulizwa. Hakuna aliyewaambia: huku kwenu, kijana wa kawaida akimwona mama yake anapigwa kofi hadi chini, anafanya nini, na damu yake inachukua muda gani kupoa? Babu ana majibu ya swali hilo ya kutosha usiku mzima.

Maoni ya wazee hayakumfunga jaji. Sheria ilimtaka ayasikilize, kisha aamue mwenyewe. Tangu marekebisho ya 2022 si lazima hata wawepo. Adhabu ya kifo nayo ipo kitabuni bila kutekelezwa: Jaji Mwalusanya aliitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi wake 1995, na tangu 1994 hakuna aliyenyongwa. Nilimwambia Babu hayo yote Desemba iliyopita nikidhani yatampunguzia mzigo. Alihesabu kwa vidole, kutoka themanini na sita hadi tisini na nne. "Miaka minane," akasema. "Muda wa kutosha."

Basi nikamsomea kifungu cha 201 kwa Kiswahili changu mwenyewe, bila kutumia neno kusudi hata mara moja. Nilisema "mtu akiua kwa hasira iliyowashwa ghafla, kabla hajapata muda wa kutulia". Akaniambia nirudie. Nikarudia, na kile cha 202 pia, hadi pale pa mzazi.

"Kwa hiyo yule mwalimu," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Mimi nilidhani hakusikia swali."

Akanyamaza muda mrefu. Bibi aliita kutoka jikoni akiuliza kama tunataka chai, hakuna aliyemjibu, akaleta tu. Nilimweleza Babu kwamba majalada ya zamani hutunzwa, kwamba nikienda masjala na namba ya kesi, au hata mwaka na jina la mshtakiwa, huenda nikaipata hukumu. Jina alilikumbuka, la kijana na la baba yake. Akanitamkia polepole niliandike, akachungulia daftari kuona kama nimeliandika sawasawa, akasahihisha herufi moja.

"Na majina yetu wazee yatakuwamo?"

Nikamwambia yatakuwamo, na maoni ya kila mmoja.

"Na sababu alizotoa yule mama?"

"Kama jaji aliziandika."

Akanywa chai. "Ukilipata," akasema, "lisome kwanza wewe."